Thelathini na Tisa Hailetwi Mezani

Chuoni walimwita Rula, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la ajira tu. Hilo la Rula alilipata kwa haki. Alikuwa karani wa mitihani kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuingia kwenye kikao cha bodi bila rula yake ya mbao, iliyopauka katikati kwa kushikwa. Bodi ilipokutana kupitisha matokeo, yeye ndiye aliyesoma. Aliweka rula chini ya mstari wa kwanza wa orodha, akataja namba ya mtahiniwa, akasoma alama za kila somo, kisha akanyamaza. Ule ukimya ndio uliokuwa kazi yenyewe. Waliokaa mezani walipata nafasi ya kuinua kichwa na kusema, hapo ngoja kwanza. Asipotokea wa kusema, rula iliteremka mstari mmoja.

Wakati huo bodi ilichukua siku mbili, pengine tatu. Wahadhiri waliingia asubuhi na mafaili kwapani kama watu waendao mahakamani, wakatoka jioni wamenuniana. Aliyemwangusha mtoto wa watu alitakiwa aeleze kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wenzake, ni kwa nini. Wavivu wa kusahihisha walijulikana, na waliowachinja wanafunzi kwa alama walijulikana zaidi. Mwanafunzi hakuwepo mle ndani, lakini alipita mezani mmoja mmoja, akaangaliwa kama anavyoangaliwa mtu.

Palikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Kufaulu kulianzia arobaini. Profesa Mzee, mwenyekiti wa kwanza Rula kumtumikia, alikuwa akisema kwamba thelathini na tisa si alama, ni uvivu wa kuamua. Mtu aliyesoma majibu ya kurasa kumi na sita akaishia hatua moja nje ya mlango hajamaliza kazi yake. Kwa hiyo thelathini na tisa hailetwi mezani. Karani akiiona kwenye orodha, anaandika kikaratasi na kukirudisha kwa msahihishaji: soma tena, uamue. Msahihishaji anarudi kwenye majibu, anayasoma upya tangu swali la kwanza, kisha analeta ama arobaini ama thelathini na nane. Akileta thelathini na nane, bodi nzima inaelewa kwamba huyu ameangaliwa mara mbili, na haulizi tena. Lakini wengi walirudi na arobaini. Rula alikuwa na hesabu yake kichwani: katika kila kumi, nane au tisa waliokolewa na kikaratasi kile. Hakukitia saini hata mara moja. Saini ya nini, na mwandiko wake ulijulikana chuo kizima kama kengele ya shule?

Mungu hakumjalia mtoto. Mkewe alifariki mapema, naye hakuoa tena. Alisema nyumba ina kelele za kutosha. Kelele zenyewe zilikuwa za dada yake, mjane aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne na ambaye hakuchoka kumkumbusha hivyo, na za binti wa huyo dada. Binti huyo walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajatembea na hakupumzika tangu hapo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, yuko mwaka wa mwisho katika chuo kile kile alichofanyia kazi mjomba wake. Masomo yote alikuwa ameyavuka isipokuwa moja, Takwimu, lililomkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mara ya kwanza alianguka akiwa mgonjwa. Mara ya pili alianguka akiwa mzima. Kanuni za chuo zilimruhusu mara tatu tu. Akipita, anahitimu na wenzake. Asipopita, anaachishwa masomo, na ile miaka minne inakuwa maji yaliyomwagwa mchangani.

Mwaka ule jioni zote walikaa wawili mezani, Rula akisoma swali kutoka mitihani ya zamani, rula chini ya mstari, Chiriku akijibu huku akitembea. Rula mwenyewe hakuvuka darasa la nane. Takwimu alikuwa ameiokota kidogo kidogo kwenye karatasi za maswali alizozifunga kwa kamba miaka nenda rudi, na kufikia msimu wa mitihani alijua wastani na mchepuko kuliko alivyotaka kukubali.

Kila msimu mtahiniwa alipewa namba mpya, imechapwa kwenye kadi ndogo, ili msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Rula hakuwahi kujua namba ya ndugu, wala ya jirani, wala ya mtoto wa rafiki. Huo ndio ulikuwa utajiri wake, na hakuwa na mwingine. Siku Chiriku alipoleta kadi nyumbani, akaiweka mezani, Rula aligeuza uso kama aliyekuta mtu anaoga, akamwambia aifunike kwa kitabu.

Dada yake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mdogo wangu," alisema, "umekalia kisima, na mtoto wako anakufa kiu."

"Kisima si changu, dada. Mimi nimewekwa nichunge kamba."

"Basi ivute."

Chiriku alicheka, akamwambia mama yake amwache mjomba, maana akiijua hiyo namba ataingiwa na hofu mpaka aanguke yeye badala yake. Kadi ikaingia chini ya kitabu. Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia, na dada mtu alipepeta mchele kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Chuoni, mambo ya zamani yalikuwa yamekwisha kufa bila kuzikwa. Profesa Mzee alikuwa ameondoka duniani, wakaja wengine, na mwenyekiti wa sasa walimwita Dakika, kwa kuwa kila jambo aliliombea dakika moja, na kweli hakulipa zaidi. Alama hazikupita tena mikononi mwa karani. Wahadhiri waliziingiza wenyewe kwenye kompyuta, na kile kitu walichokiita mfumo kikajumlisha na kupaka rangi: kijani amefaulu, njano anarudia, nyekundu anaondoka. Rula aliachiwa funguo za stoo, chai ya wajumbe, na kuandika kumbukumbu za kikao, ambazo siku hizi zilitosha nusu ukurasa. Hata matangazo ya chuo yalikuja kwenye barua pepe. Rula alikuwa nayo hiyo anwani. Walimfungulia, wakamwandikia neno la siri kwenye kipande cha boksi. Lakini yeye alijifunza kazi enzi ambapo waraka una muhuri na unatiwa kwenye faili la nyaraka, na kila Jumatatu alifungua faili lile kuona kama umeingia mpya. Mwaka wa pili huo hakukuwa na mpya. Yeye alidhani wakubwa wamepungukiwa na la kusema.

Orodha moja tu ya alama ndiyo iliyomfikia kwa karatasi msimu ule. Mhadhiri wa Takwimu alikuwa mgeni, mwanamke kijana aliyeanza kazi muhula huo, na mfumo ulikuwa bado haujamtambua. Alileta orodha yake mkononi, ameisaini kila ukurasa, akamwomba mzee amwingizie. Alikuwa na adabu na haraka. Rula akamshukuru, akafunga mlango, akatoa rula.

Mstari wa kumi na saba, namba 4406: thelathini na tisa.

Moyo wake ulifanya jambo ambalo hakuupa ruhusa, ukauliza ni namba ya nani. Akaunyamazisha. Watahiniwa wa Takwimu walikuwa mia moja na themanini, na wanaorudia peke yao walikuwa ishirini na tatu. Kila mmoja ni mtoto wa mtu. Akachukua kikaratasi, akaandika kama alivyoandika mamia ya mara: "Mstari wa 17: 39. Tafadhali soma tena, uamue." Akakikunja mara moja, akakitia kwenye kisanduku cha barua cha mhadhiri. Alirudi kwenye kiti chake mwepesi, kama mtu aliyemfungulia mtu mwingine mlango.

Baada ya siku mbili orodha ilirudi. Mstari wa kumi na saba ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu na kusainiwa pembeni: thelathini na nane.

Rula aliuma mdomo. Lakini desturi ni desturi. Msahihishaji amesoma mara mbili, ameamua. Akaingiza thelathini na nane kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, akaangalia mara tatu kama ameandika sawa.

Siku ya bodi ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Chumba kilikuwa kile kile, meza ndefu ile ile yenye alama za vikombe vya watu waliokwisha kufa, ila sasa kila mjumbe alikuwa amejifungia nyuma ya kompyuta yake na ukutani palining'inizwa kitambaa cheupe cha kuonyeshea majina ya rangi. Mtahini wa nje, ambaye zamani alisafiri na kulala siku tatu akipekua majibu, alionekana kama kichwa kidogo kwenye pembe ya kitambaa, akikatikakatika sauti. Rula alikaa mwisho wa meza na daftari lake. Rula ya mbao ilikuwa mfukoni mwa koti. Hakukuwa na karatasi ya kuiwekea.

Dakika alihesabu vichwa, akaona akidi imetimia, akasema wajumbe wote wameshaona matokeo tangu juzi, kwa hiyo hakuna haja ya kusomeana kama watoto wa chekechea. Watu walitabasamu. Wanafunzi walikuwa mia nne na kumi na wawili. Kitambaa kiliteremka kijani, kijani, kijani, njano hapa na pale, na nyekundu kumi na moja.

"Jambo moja la kuingia kwenye kumbukumbu," Dakika alisema. "Kwa mujibu wa waraka wa mwezi uliopita, wote wenye thelathini na tisa mfumo umewapandisha kuwa arobaini. Wako kumi na wanne. Mzee wetu, umeandika?"

Mzee wao hakuwa ameandika. Kalamu ilikuwa imesimama. Kumi na wanne walikuwa wamevuka, na hakuna jicho hata moja lililosoma majibu yao mara ya pili. Walivuka kwa sababu hawakupita mikononi mwake. Mmoja tu ndiye aliyepita mikononi mwake.

Karani hana sauti kwenye bodi isipokuwa ameulizwa. Hilo nalo ni la zamani, na Rula alilishika miaka thelathini na moja. Akasimama.

"Mwenyekiti, Takwimu, mstari wa kumi na saba. Ilikuwa thelathini na tisa."

Vichwa vikatoka nyuma ya kompyuta. Dakika alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama babu aliyeingia chumba cha wageni bila viatu.

"Mzee wetu, leo tunapokea. Hatufungui."

"Niliirudisha mimi. Kama nisingeirudisha, ingepandishwa."

Dakika akageukia upande wa Takwimu. Mhadhiri alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akasema, bila kuinua sauti, kwamba alama aliyoisaini ni thelathini na nane, na anaisimamia. Lilikuwa jibu la kweli. Dakika akauliza kama kuna mwenye jambo lingine. Hakuna. Viti vikasogezwa. Mia nne na kumi na wawili kwa dakika thelathini na nane. Rula aliangalia saa ya ukutani, akaandika muda wa kufunga kikao kwa sababu ndiyo kazi yake.

Alimkuta mhadhiri kwenye korido, amesimama karibu na mtungi wa maji ya kunywa, hanywi.

"Kumbe ni wewe mzee uliyeniandikia," alisema.

"Ni mimi, Dokta."

"Mbona hukutia saini?"

"Haijawahi kutiwa saini."

Mhadhiri alieleza kwamba kwenye semina ya waajiriwa wapya waliambiwa mapema: mtu yeyote akikugusia alama ya mwanafunzi, hasa bila jina lake, jua kuna mkono nyuma yake. Usimwonee huruma, rudi kwenye majibu, uwe mkali kuliko mwanzo. Alirudi. Swali la tatu alikuta ametoa alama mbili pale palipostahili moja. Akaiondoa.

"Na kama nisingekuandikia?" Rula akauliza.

Mhadhiri alitazama maji. "Nisingeigusa, mzee. Nilikuwa na karatasi mia na themanini." Kisha akasema, kama anayeomba radhi, kwamba kile kikaratasi bado anacho. Waliambiwa wavitunze.

Zamani matokeo yalibandikwa ubaoni kesho yake, na mtu alipata usiku mmoja wa kumwomba Mungu. Siku hizi yanamkuta mtu jikoni. Rula alipofika nyumbani saa tisa, dada yake alikuwa amesimama mlangoni na mikono mitupu, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Chiriku alikuwa ameketi pale pale mezani walipokuwa wakisomea. Simu ilikuwa mbele yake, na kando ya simu ile kadi ndogo, haijafunikwa na chochote.

Safari hii Rula hakugeuza uso. Ilikuwa 4406.

"Alama mbili," dada yake alisema. "Alama mbili tu, mdogo wangu. Hata mbwa hutupiwa mbili."

Angeweza kunyamaza. Nyumbani hakuna aliyejua isipokuwa yeye, na dada yake alikuwa tayari kumlaumu mtu mwingine yeyote: mfumo, wakubwa, bahati. Rula alivuta kiti, akaketi, akawaeleza tangu mwanzo bila kuacha kitu, desturi ya Profesa Mzee, orodha, kikaratasi, kalamu nyekundu, wale kumi na wanne. Alieleza kama anavyosoma mstari, na alipomaliza akanyamaza.

Dada yake aliingia chumbani, akafunga mlango polepole. Ingekuwa nafuu angeubamiza.

"Mjomba," Chiriku alisema, "kwa hiyo nilikuwa nimefaulu."

"Ulikuwa umefaulu."

"Kabla hujaandika."

"Kabla sijaandika."

Chiriku aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu. Hakusema kitu kingine jioni ile, wala kesho yake.

Rufaa ilikuwa na siku kumi na nne. Rula alizijua kanuni hizo kuliko walioziandika: rufaa haipokelewi kwa sababu mwanafunzi ana uchungu, inapokelewa ikiwa alama zimejumlishwa vibaya au utaratibu umekiukwa. Jumla ilikuwa sahihi. Uliobaki ni utaratibu, na aliyeukiuka ni yeye. Akaandika barua mbili kwa mkono, moja ya Chiriku kutia saini, nyingine yake mwenyewe. Ndani ya hiyo ya pili alikiri kwamba alimrudishia mhadhiri alama kinyume cha waraka ambao hakuusoma, na kwamba bila kosa lake mtahiniwa 4406 angekuwa miongoni mwa waliopandishwa. Alifikia mstari wa mwisho, akasita. Fomu iliuliza kama mtoa maelezo ana uhusiano na mwanafunzi. Hakuwahi kujaza fomu ya uongo. Akaandika: mjomba.

Waliitwa baada ya wiki tatu, katika chumba kidogo chenye meza ya mviringo na sanduku la karatasi za kufutia machozi, ambalo mtu alikuwa ameliweka pale kwa kudhani ni ubinadamu. Walikuwa Dakika, msajili, na mwanasheria wa chuo, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Chiriku alikaa karibu na mjomba wake, amevaa gauni aliloliweka kwa ajili ya mahafali. Mbele ya mwanasheria palikuwa na kile kikaratasi, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Huu ni mwandiko wako, mzee?"

"Ni wangu."

"Unamwomba mhadhiri asome tena alama ya huyu binti."

"Ya mstari wa kumi na saba. Sikujua ni wa nani."

Mwanasheria aliwatazama wenzake, kisha akarudi kwake. "Binti analala nyumba moja na wewe. Mnasoma wote hilo somo kila jioni, umeandika mwenyewe hapa. Wewe ni karani wa mitihani miaka thelathini na moja. Na hukujua namba yake."

"Sikujua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haikunihusu."

Msajili aliinama kuficha mdomo. Hakuwa mtu mbaya, tabasamu lilimponyoka tu. Ni kama mtu aseme alikaa jikoni mwezi mzima wa njaa asionje chakula. Zamani palikuwa na watu mezani ambao wangegonga meza na kusema, huyu ninamjua, akisema hakujua, hakujua. Rula aliwatafuta kwa macho. Alikuwepo Dakika, aliyefanya naye kazi miaka sita, na Dakika alikuwa anatazama saa ya mkononi.

Akajaribu kueleza desturi. Mwanasheria akauliza imeandikwa wapi. Haikuandikwa. Nani shahidi wake? Profesa Mzee, na wawili waliostaafu, mmoja hamkumbuki hata mkewe. Vikaratasi vya zamani viko wapi? Vilitupwa kila mwaka baada ya bodi. Havikuwa kitu cha kutunza. Kwa hiyo, mwanasheria alisema kwa sauti yake ile ya kubembeleza, katika miaka thelathini na moja kikaratasi kimoja tu ndicho kipo, nacho ni cha mpwa wako.

Hapo Chiriku akasema, kwa mara ya kwanza. "Kama mjomba angetaka kunisaidia, mngeona arobaini. Mnaona thelathini na nane."

"Tunaona," mwanasheria akajibu, "kwamba mhadhiri alikataa kushawishiwa."

Jibu lilikuja kwa barua pepe, mistari minne. Rufaa haina msingi. Matokeo yanabaki. Kwenye kumbukumbu za mwanafunzi itaingizwa kwamba palikuwa na jaribio la kuingilia alama kwa niaba yake. Mtumishi mhusika anastaafishwa miezi minane kabla ya muda wake, kwa kuzingatia utumishi wake mrefu.

Mstari ule wa tatu ndio uliomaliza kila kitu. Chiriku alipeleka maombi kwenye vyuo vingine viwili ili angalau ahesabiwe masomo aliyofaulu. Kila kimoja kiliomba kumbukumbu zake kutoka chuo cha kwanza, na kila kimoja kikajibu kwa adabu kwamba nafasi zimejaa. Baada ya hapo aliacha kuandika. Alipata kazi kwenye duka la dobi, kunyoosha nguo na kubandika vipande vya namba kwenye kola ili mashati ya watu yasichanganyike. Alisimama kutwa nzima na pasi. Dobi mwenyewe alimsifia Rula siku moja barabarani: mtoto wako ana adabu, hasemi. Rula akamshukuru.

Mhadhiri wa Takwimu alithibitishwa kazini. Karani mmoja wa zamani, aliyebaki pale kwa ajili ya chai, alimwambia Rula habari ambayo heri angebaki nayo: kwenye semina ya waajiriwa wapya mwaka uliofuata, kile kikaratasi kilipigwa picha na kuonyeshwa ukutani, kikubwa kama mlango, kuwafundisha wahadhiri shinikizo linavyofanana. Jina lilikuwa limefutwa, karani alisema, kwa heshima. Hakukuwa na jina la kufuta.

Dada yake alirudi kusema naye baada ya muda, kuhusu chumvi, kuhusu maji, kuhusu bomba linalovuja. La kisima hakulitaja tena. Rula alilikosa, kama anavyokosa mtu kidonda kilichozoeleka.

Jumapili moja mchana Chiriku alikuwa ananyoosha nguo za nyumbani, maana mikono ilikuwa imeshazoea, na Rula ameketi dirishani na gazeti, rula chini ya mstari. Pasi ikasimama.

"Mjomba. Kama ungeijua namba yangu siku ile, ungeandika?"

Alitaka kusema hapana. Ilikuwa neno dogo, na mtoto alikuwa analisubiri. Akawafikiria wale nane au tisa katika kila kumi, akafikiria thelathini na tisa ilivyokaa pale kwenye mstari wa kumi na saba, na jinsi alivyorudi kwenye kiti chake mwepesi.

"Ningeandika," alisema.

"Najua."

Akanyunyiza maji kwenye kola ya shati la mjomba wake, akaishusha pasi, na mvuke ukapanda kati yao.